Usitie Kidole Mahali Jicho Halioni

Mimi semina nimezidharau tangu zamani, na hii ya Thika nilianza kuidharau kabla hata ya chai ya saa nne. Wauguzi wa zahanati za Ruiru na Juja, watu wazima na magoti yao, tunaambiwa tusimame tupige makofi ya kilo, yale ya watoto wa shule, ati tuamke. Tuamke? Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri, nikapikia watu, nikafua, ndio nikatoka Mwiki.

Mwalimu wetu alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wangu. Kucha safi, sauti kama ya mtu anasoma habari. Huyo ndiye aliletwa atufundishe kumwokoa mtoto aliyekabwa na kitu kooni, mimi ambaye nimeshika watoto wa Mwiki mpaka wengine sasa wananiletea watoto wao. Nikamwambia jirani yangu, na sikupunguza sauti, "Kuishi kwingi ni kuona mengi. Huyu ameona nini, YouTube?" Watu wakacheka. Nikajisikia vizuri sana.

Alikuwa na mdoli wa plastiki, saizi ya mtoto mchanga. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini, akampiga mgongoni mara tano. Akamgeuza, akambonyeza kifuani kwa vidole viwili, tena mara tano. "Na msitie kidole mdomoni kama hamkioni hicho kitu," akasema. "Mtakisukuma ndani zaidi."

Wee! Mama yangu alitulea kwa kidole. Maharagwe, vifungo, hata shilingi, vyote vilitolewa kwa kidole, na sisi sote tuko hai. Nikaguna ili asikie.

Halafu kila mtu akaitwa amjaribu mdoli, mmoja mmoja, na yeye anaweka tiki kwenye fomu. Alipofika kwangu akasema, "Mum, karibu ujaribu."

"Weka tiki, mwanangu. Huyo mdoli nitamfanyia nini, nimbembeleze?"

Alinitazama kidogo. Lakini kwetu mkubwa hasukumwi, hata kama anakosea mbele ya watu. Akaweka tiki. Kwa hivyo fomu ilisema nimefaulu, na mimi nikaenda kula kuku.

Nyuma ya jiko la hoteli tulimofanyia semina kulikuwa na shosho mmoja wa kumenya viazi, na siku hiyo alikuja na mjukuu, kitoto kisichotimiza mwaka, kinatambaa hapo miguuni pake. Sisi tulipewa kuku, wao wa jikoni walikuwa na githeri yao, mahindi na maharagwe, kwa sufuria. Nilikuwa nimeenda huko nyuma kunawa mikono nikasikia shosho akimlilia Mungu, "Ngai! Ngai wakwa! Daktari, mtoto!"

Alikuwa ameona beji yangu. Mtoto alikuwa ameokota punje ya mahindi chini, ikamkwama. Mdomo wazi, macho yametoka, analia bila sauti. Kilichosikika ni kamluzi tu, kembamba, ka hewa inayotafuta njia.

Nikamnyakua. Nikatia kidole.

Niliigusa hiyo punje kwa ncha ya ukucha. Ilikuwa inateleza. Kisha ikaenda, na ule mluzi ukanyamaza. Nikatia kidole tena, nikachokora, midomo ya mtoto ikigeuka zambarau mkononi mwangu. Na unajua nilichokuwa nawaza? Mungu anisamehe. Nilikuwa nawaza kwamba watu wananiangalia.

Yule msichana alikuja mbio. Safari hii hakuniita Mum. "Lete," akasema, akamtoa mikononi mwangu kwa nguvu. Kifudifudi, kichwa chini, mgongoni tano. Akamgeuza, kifuani tano. Hakuna kitu. Akarudia, anahesabu kwa sauti ileile ya habari, na kabla hajamaliza punje ikaanguka kwenye simiti, ikadunda hadi karibu na kiatu changu. Mtoto akalia. Kilio kibaya, cha hasira, na sijawahi kusikia kitu kitamu hivyo.

Sasa shosho huyo. Alimpita msichana wa watu, akaja moja kwa moja kwangu, mwenye mvi na beji. Alishika mkono wangu wa kulia, akaufungua kiganja, akatemea mate kidogo, thu, thu, kama wazee wetu wanavyobariki. "Ubarikiwe, daktari. Mkono huu Mungu aulinde."

Msichana alikuwa anampangusa mtoto uso. Alinitazama. Ilikuwa zamu ya mdomo huu unaosema sana kusema kwamba si mimi. Nilisema, "Asante, shosho."

Jioni, wenzangu wakipiga picha na bango la semina, nilimfuata yule msichana nikamwomba afute ile tiki. "Fomu zilishatumwa, Mum," akasema. Halafu akamtoa mdoli kwenye boksi, akamlaza juu ya mkono wangu, akasubiri. Nilihesabu mpaka tano, nikimpiga mgongoni. Akanirudisha mwanzo mara nne, mshenzi yule, na nilistahili.

Cheti cha semina ile kiko ukutani pale zahanati. Akina mama wakiingia na watoto wao hukiangalia kwanza, kisha wananikabidhi mtoto bila kuuliza kitu.