Sweta la Madam Hennebelle

Nimewahi kuvua sidiria kwenye choo cha wageni wa gereza, saa saba na dakika thelathini na tano mchana, huku mlango umeshikiliwa na mwanamke niliyemcheka mwaka mzima.

Usiondoke. Nitaeleza yote. Mwenye makosa ni mimi, kwa hiyo cheka bila wasiwasi.

Naitwa Perrine, nina miaka ishirini na mitatu, naishi Béthune, kaskazini mwa Ufaransa. Nina mtoto mmoja, Anatole. Wakati huo alikuwa na miezi saba na meno mawili.

Baba yake ni Ludo. Ludo alikubali kuendesha gari la rafiki yake bila kuuliza nyuma limebeba nini.

Lilibeba nyaya za shaba zilizoibwa relini. Kilo mia nne.

Miezi kumi na minane jela.

Alipokamatwa nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nikaomba kibali cha kumtembelea. Ombi likarudishwa kwa sababu kwenye picha nilitabasamu. Nikapiga nyingine, nimekunja uso kama mtu aliyekanyagwa, ila nikasahau kutia sahihi. Nilipokuja kupatia kila kitu, Ludo akahamishiwa gereza lingine, tukaanza upya.

Kwa hiyo Anatole alizaliwa, akajifunza kukaa, akaota meno, na baba yake alikuwa hajamgusa hata kidole.

Watu waliponiuliza Ludo yuko wapi, nilisema anajenga madaraja Ujerumani.

Sijui kwa nini madaraja. Neno lilinitoka tu mdomoni, na baada ya hapo ikabidi niendelee kuyajenga.

Sasa nije kwa huyo mwanamke.

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na saba. Mimba ilipofika miezi sita nikajiandikisha masomo ya jioni, kila Alhamisi, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo viti vyake vimetengenezwa kwa makalio ya watoto. Nataka cheti, niingie chuo, niwe muuguzi msaidizi. Usinicheke hapo. Hapo niko makini.

Mwalimu wetu wa kuandika ni Madam Hennebelle. Ana miaka sitini hivi. Na kila Alhamisi ya Mungu alivaa nguo zile zile.

Sweta rangi ya haradali lenye vifungo vya mbao. Sketi ya mpira wa kuvuta kiunoni. Viatu vya kitambaa, vile vya kuvalia ndani. Nywele zimefungwa kwa uzi mwekundu wa kufumia. Hana saa, hana hereni, hana pete. Anaingia anahema, ametokea upande wa stesheni.

"Huyu anavaa taa zikiwa zimezimwa," Sandrine aliniambia siku ya kwanza. Sandrine ndiye jirani yangu wa dawati, mdomo wake hauna breki.

Kuna sentensi Madam aliipenda kama mtoto, na sisi tulidhani hana mtoto mwingine. "Geuza karatasi, wapendwa. Msianze kujibu kabla hamjageuza karatasi."

Wakati wa mapumziko mimi ndiye niliyekuwa namwigiza. Navuta sketi juu ya kitovu, nafunga nywele kwa kamba ya begi, nahema. "Geuza karatasi, wapendwa." Watu walikuwa wanatemea kahawa sakafuni.

Nilikuwa na kipaji, sikatai. Kwenye mtihani wa majaribio, hata hivyo, nilipoteza alama tisa kwa sababu maswali yaliendelea nyuma na sikugeuza karatasi.

Basi, mwezi wa tatu kibali kikaja.

Bahasha ilikuwa na kibali, pamoja na karatasi ya masharti. Niliisoma mpaka nikaiota. Kitambulisho chenyewe, siyo nakala. Simu, funguo na mkoba vinabaki kwenye kabati la wageni. Kuchelewa dakika moja ni kukosa. Ukipita kwenye mlango wa kukagua vyuma na mlango ukalia mara tatu, unarudi nyumbani.

Kwa mtoto: nepi moja, chupa moja, mdoli mmoja wa kitambaa.

Nikajiandaa kama naenda kuolewa na serikali. Nilikata vifungo vya kubonyeza kwenye kila nguo ya Anatole, kwa sababu ni vya chuma, nikashona vya plastiki. Vifungo ishirini na mbili. Nilijichoma vidole mpaka mama yangu akauliza kama naanza kazi ya nungunungu.

Kisha mfuko wa nguo safi za Ludo. Familia ndiyo inayowafulia wafungwa nguo, kama hujui. Nikafua, nikapiga pasi mpaka soksi, nikaandika orodha kwa mwandiko wa masomo ya jioni.

Na mimi mwenyewe? Hereni nikavua. Pete nikavua. Mkanda sikuvaa. Nikanunua sidiria mpya ya kunyonyeshea, laini, isiyo na waya. Juu yake blauzi nyeupe nyepesi, ile Ludo anayoipenda. Mwanamke alikuwa hajaonwa na mumewe miezi kumi na moja, mnielewe.

Alhamisi, saa saba kasoro, nikashuka kwenye treni na mtoto kifuani, begi mgongoni na mfuko wa nguo mkononi. Jirani na gereza kuna nyumba ya kupokea wageni. Akina mama wa kujitolea wanatoa kahawa ya mizizi ya chikori na biskuti, na ndani kuna makabati.

Nikaweka vitu kabatini. Nikageuka.

Sweta la haradali.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, anakunywa kahawa taratibu kama mtu aliye sebuleni kwake.

Wazo langu la kwanza, na naona aibu kuliandika: amekuja kunichunguza. Wazo la pili: madaraja yangu yote yameanguka.

Nikaenda kwenye meza ya kubadilishia nepi, nikageukia ukuta, nikambadilisha Anatole nepi ambayo ilikuwa safi kabisa. Halafu nikambadilisha tena. Mtoto alinitazama kama naumwa.

"Mama, ukimaliza kumpaka rangi huyo, foleni imeanza," mama mmoja wa kujitolea akasema.

Foleni ikatembea. Mimi mbele, nimeinamisha kichwa. Kwanza mfuko wa nguo.

"Koti hili lina kofia, halipiti," askari akasema. "Na shati hili ni la buluu nzito. Linafanana na sare zetu."

"Lakini afande, nimelipiga pasi."

"Naona, mama. Limenyooka kuliko langu."

Kisha mlango. Askari wa kike akampokea Anatole, akapita naye. Kimya kabisa. Vifungo ishirini na mbili, kimya. Nikapanua kifua kwa fahari, nikapita.

Ukalia.

"Mkanda?"

"Sina, afande."

"Viatu."

Nikavua viatu, nikapita na soksi.

Ukalia tena.

Askari alikuwa kijana, na hakuwa na roho mbaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. "Mama, mlango ukilia mara ya tatu, kwa leo basi. Sina namna. Fikiria vizuri una nini mwilini."

Nilifikiria. Jino lililozibwa? Chuma ninachokula kwenye dawa za damu? Nilikuwa tayari kuamini kwamba zile kilo mia nne za shaba zimeingia kwenye ukoo.

Upande wa pili wa mlango Anatole aliniona nimesimama, akaanza kukunja midomo. Nyuma ya ukuta ule, hatua hamsini labda, baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti anasubiri. Na nafasi nyingine ya kumtembelea ilikuwa baada ya wiki tatu.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Perrine. Uligeuza karatasi?"

Sikugeuka. Nilitamani sakafu inimeze.

"Karatasi gani, Madam?"

"Ya masharti. Ina upande wa nyuma."

Nikaangalia soksi zangu.

"Nilijua tu," akasema. "Sidiria hiyo ni ya kunyonyeshea? Vibanio vya begani ni vya chuma, mwanangu. Vimeandikwa nyuma, mstari wa nne."

Wanawake wote kwenye foleni wakaitikia kwa vichwa kama kwaya. Kumbe walijua tangu niliposimama.

"Afande," Madam akasema, "mlango unafungwa mtu wa mwisho akishapita, sivyo?"

"Ndiyo, Madam Hennebelle. Saa nane kasoro robo, au wa mwisho."

"Basi wa mwisho ni mimi. Na leo goti linanisumbua sana."

Askari akatazama dari. "Pole na goti, Madam."

Tukatoka mbio hadi choo cha wageni. Goti halikuwa na tatizo lolote, mwanamke yule alikimbia kunishinda. Akashika mlango kwa mgongo, kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu, mimi ndani napigana na vibanio.

Nikavua. Nikajitazama kwenye kioo.

Blauzi nyeupe nyepesi. Mama anayenyonyesha. Na mtoto wangu nilikuwa namsikia analia kwa mbali, na maziwa yanapomsikia Anatole huwa hayaombi ruhusa.

"Madam, siwezi kutoka hivi."

Mlango ukafunguka kidogo. Kisha mkono ukapenya mlangoni. Umeshika sweta la haradali.

Nikalishika. Vifungo vya mbao. Na pale pale, nikiwa nusu uchi juu ya vigae vya gereza, akili yangu ikafunguka.

Vifungo vya mbao. Sketi ya kuvuta. Viatu vya kitambaa. Uzi badala ya kibanio cha nywele. Hana saa, hana pete. Na kila Alhamisi.

Hakuwa anavaa gizani. Alikuwa anatoka huku, anakimbilia treni, anakuja kutufundisha sisi.

"Madam," nikasema nyuma ya mlango, "unamtembelea nani?"

"Mwanangu, Rémi. Mwaka wa nne sasa." Akakohoa. "Na wewe, madaraja ya Ujerumani yanaendeleaje?"

Sikujua kama ninacheka au ninalia. Nadhani vyote.

"Madam, mimi huwa ninakuigiza. Darasani. Wakati wa mapumziko."

"Najua. Dirisha la varanda halina pazia. Ule uhemaji unauzidisha kidogo. Vaa haraka."

Mara ya tatu nilipita mlango ule nimefumba macho.

Haukulia.

Nilipofumbua, askari wa kike alikuwa ananikabidhi Anatole, amelowa machozi na kamasi. Nyuma yangu Madam Hennebelle alikuwa anakuja, amebaki na shati la pamba, anachechemea kwa ustadi ambao mimi na kipaji changu hatuufikii.

Ludo alisimama aliponiona. Akatazama sweta.

"Umevaa nini, mpenzi?"

"Funga mdomo umshike mwanao."

Akamshika kama mtu aliyepewa sahani yenye supu mpaka ukingoni. Anatole akamtazama, akamtazama, akaangua kilio. Ludo naye akafuata. Wakalia wote wawili, mmoja kwa sauti na mwingine bila, mpaka mtoto akachoka, akamng'ata baba yake kidole kwa yale meno mawili.

"Ameng'ata," Ludo akasema. "Perrine, ameniuma."

Alisema kama mtu aliyetunukiwa nishani. Dakika arobaini na tano zote hakukitoa kile kidole.

Meza ya tatu kutoka kwetu, Madam alikuwa anamsahihishia kijana mkubwa mwenye ndevu barua fulani. Nilimsikia anasema, "Geuza karatasi, Rémi."

Tulirudi kwa treni moja. Nilipotaka kumpa sweta akakataa. "Vaa mpaka maziwa yakauke. Nimefuma jingine, la kijani. Darasa litapona."

Nilimwacha Anatole kwa mama, nikawahi darasani na sweta mwilini na nywele zimefungwa kwa uzi. Sandrine akaniona mlangoni.

"Jamani, njooni muone. Perrine leo kaja amevaa kabisa. Tuigizie, mama, tuigizie."

Wote wakanigeukia wakisubiri.

Ningeweza kucheka nao, au kujenga daraja jingine moja.

"Leo siigizi," nikasema. "Natoka gerezani kumwona mume wangu. Yuko jela, hayuko Ujerumani. Leo amemshika mtoto kwa mara ya kwanza."

Madam alikuwa ubaoni, ametupa mgongo, chaki imesimama hewani.

Sandrine akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Hakusema neno somo zima, jambo ambalo halijawahi kutokea mkoani kwetu.

Mwisho wa somo akanivuta kwenye korido. Macho mekundu.

"Hilo sweta," akanong'ona. "Halilii mlangoni?"

"Halilii. Kwa nini?"

"Mimi nimerudishwa mara mbili. Kaka yangu yumo ndani." Akafuta pua kwa mkono. "Umelipata wapi?"

"Nimeazimwa."

Sandrine akatazama ndani ya darasa. Madam Hennebelle alikuwa anafuta ubao akiwa na shati la pamba tupu, kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Akatazama viatu vya kitambaa vya Madam. Akatazama uzi wa nywele.

Niliona uso wake ukibadilika kama wangu ulivyobadilika kule chooni.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa watatu kwenye treni. Sandrine alivaa sketi ya bibi yake. Alipendeza kama gunia, na alipita mara ya kwanza.

Madam amenipa ruhusa ya kuandika haya. Amesahihisha koma kumi na moja.

Ludo anatoka mwezi wa kumi. Mtihani wangu ni mwezi wa sita, na nimeshaanza kuona chuo kwa mbali.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini kichukue. Ukimwona mtu amevaa ajabu, kabla hujawachekesha wenzako, fikiria kwanza anatoka wapi saa hiyo. Na kama na wewe una mtu wako ndani, vaa vifungo vya mbao, fika mapema, usione haya kumwambia jirani yako. Huenda kesho mkapanda treni moja.

Na masharti yana upande wa nyuma. Mstari wa nne.