Msimu Mmoja wa Soy

Mama alizaliwa magharibi mwa Kenya, kule chini kwenye joto, ambako mahindi hupandwa mara mbili kwa mwaka. Baba alipopata kazi ya ukarani Eldoret, alikodi ekari mbili Soy, nje ya mji huo, nasi tukahamia huko mwezi wa Agosti. Mahindi ya majirani yalikuwa marefu kumpita baba. Shamba letu lilikuwa tupu. Mama hakungoja. Kwao huo ulikuwa wakati wa kupanda, akashika jembe.

Jirani yetu, mama wa Kikalenjin mwenye ng'ombe watatu, alikuja akasimama kwenye ua. Alimweleza mama polepole kwamba huku juu baridi hukawiza mahindi, hukaa shambani miezi mingi, na kiangazi kikianza hakuna mvua mpaka Machi au Aprili.

"Mama, hapa tunapanda mara moja tu," alisema.

Mama alimshukuru, akaendelea kupanda. Jikoni alituambia yule mama hataki tufanikiwe.

Mahindi yaliota vizuri, nami nilijivunia sana. Novemba mvua ikakatika. Kufikia Krismasi yalikuwa yamenifika kifuani, majani yamejikunja kama sigara. Mama aliyakata mwenyewe kwa panga, akayabeba mpaka kwa jirani yaliwe na ng'ombe. Sijui walizungumza nini huko. Najua kwamba tangu siku hiyo, kila asubuhi tulipata chupa ya maziwa.

Januari mama alianza kulitembea shamba, akiinama na kushika udongo. Chini kabisa, karibu na kijito, aliukuta bado mweusi na wenye maji. Hapo alipanda nduma, ile mizizi ya kuchemsha, na mboga za managu na sukuma. Watu wa Soy walishangaa, maana kwao bondeni palikuwa pa ng'ombe kunywa maji.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Mbegu za kwanza zililiwa na mchwa, watu wakapanda upya, na kufikia Agosti maghala mengi yalikuwa matupu huku mahindi mapya yakiwa bado machanga. Hata ghala la jirani lilibaki tupu. Mama alichimba nduma, akachemsha, akamwita. Jirani alikuwa hajawahi kuila. Alitafuna kwa muda mrefu, sisi watoto tukimkodolea macho.

"Inakwama kooni," alisema hatimaye. Kisha akasogeza sahani aongezwe.

Wiki hiyohiyo aliomba miche. Kuanzia hapo wale wawili walipanda mahindi siku moja, mara moja kwa mwaka, na bondeni mboga hazikukosekana hata wakati wa kiangazi.

Sasa mimi naishi Kapsoya, mtaa wa Eldoret, na wazazi wamestaafu, wakarudi magharibi. Mama akipiga simu, kabla hajauliza habari za wajukuu huuliza kama mvua imefika Soy, na kama yule mama ameshapanda. Nisipojua, huniambia niende nikaangalie, nami huenda.