Wimbo wa Barabara ya Mbau

Wakiniuliza nani alinifundisha kukimbia, humtaja kocha wangu wa Butembo, aliyenipandisha vilima vya Bulengera mpaka nikatapika. Anapenda kutajwa. Lakini pumzi nilizipata kwingine.

Tulikuwa tumeihama Mbau kwa sababu ya vita, tukapanga nyumba Bungulu, mjini Beni. Mama alikuwa analima maharagwe katika shamba la watu, kando ya barabara ya kurudi kwetu Mbau. Asubuhi moja, mimi na kichwa changu kigumu, nikaamua kufanya mazoezi kwenye barabara hiyohiyo. Nilisahau kwamba huku kwetu mwanamke akionekana anakimbia, hakuna anayengoja kuuliza. Mkulima wa kwanza alitupa jembe, wa pili akafunga mtoto mgongoni, na kufumba na kufumbua shamba zima lilikuwa mbioni mbele yangu. Kadiri nilivyowapigia kelele wasimame, ndivyo walivyoongeza mwendo. Mama nilimkuta mtaroni, goti limechubuka, kikwembe alichojifunga kimejaa tope.

"Nani iko nyuma?" aliniuliza.

"Hapana mutu, mama. Ni mazoezi tu."

Alinizaba kofi. Nilistahili, lakini nilinuna hata hivyo, na chakula nikasusa. Kesho yake ndipo aliposema, "Utakimbia tu, minajua. Lakini hapana kimbia kimya. Imba. Mutu mwenye kukimbia vita hapana imbaka."

Basi nikaimba. Nyimbo zote za kwaya yetu, kupanda na kushuka, huku watu wa pikipiki wakinicheka. Wakulima walinisikia na kuendelea kupalilia. Jaribu wewe kuimba beti nne ukipanda mlima, halafu uje tuzungumze. Nilishinda Butembo, nikashinda Goma, nikashinda hadi Kinshasa. Mama hakuja hata mara moja. Hakuweza kutazama watu wengi wakikimbia pamoja. Nilijifanya sijali, na niliumia sana.

Kisha mashindano yakaletwa Beni, na njia ikapita mbele ya mlango wetu. Nilimsihi mama atoke tu, asimame mlangoni, anione mara moja. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Nilifika Bungulu nikiwa wa kwanza, kifua kinawaka, wenzangu wanakuja nyuma kwa kundi. Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa viatu, na furushi lilikuwa kichwani. Hakunitazama mimi, alilitazama lile kundi, na mguu mmoja ulikwishaanza kuondoka. Nikataka kumwimbia. Sauti ikagoma, midomo ikabaki inacheza bure.

Mama akaiona midomo. Akashusha furushi, akaliweka chini, akauanza wimbo yeye mwenyewe, kwa sauti yake mbaya iliyomfanya akatazwe kwaya.

Nilisimama kumsikiliza mpaka ubeti ukaisha. Kundi lote lilinipita, na kocha hajanisamehe mpaka leo.