Kitanda Kinachotangulia Wakaguzi

Kitanda cha kujifungulia kilishushwa asubuhi kutoka kwenye pikapu, kamba zimekizunguka kama mbuzi wa mnadani. Nesi alikijua kwa godoro lake jekundu lililochanika pembeni. Ni cha zahanati ya ng'ambo ya mto. Kila mwaka hutangulia wakaguzi wa serikali, kituo hadi kituo.

"Wakiuliza, kipo hapa tangu mwaka jana," mganga mkuu wa zahanati yao alimwambia. "Saini hapa."

"Daktari, si mwaka wa pili huu naandika barua ya kuomba kitanda? Wanawake nawazalishia chini, kwenye mkeka!"

"Na nyumba unayolala na mwanao ni ya nani?"

Mwanawe alikuwa pale barazani akichezea kifuniko cha chupa. Nesi akasaini. Lakini alijiapiza: mkaguzi akifika, atamwambia.

Mkaguzi, mama wa makamo, ndiyo kwanza alikuwa anafungua faili wakati jirani wa nesi, mjamzito, alipoingia kashika kiuno, wifi yake nyuma.

"Dada, anakuja!"

"Nani, mkaguzi mwingine?"

"Mtoto! Hebu acha utani wako!"

Wakampandisha kitandani. Haikupita saa, mtoto wa kike akalia.

"Kazaliwa kitandani kama binti wa waziri!" wifi akashangilia.

Mkaguzi naye alicheka huku machozi yakimlengalenga. Akaandika akijisomea: "Kitanda kipo, kinatumika vizuri." Kisha akamgeukia nesi. "Hongera, mwanangu. Kuna kitanda kipya kimoja cha kupewa kituo kisicho nacho. Ninyi nimewafuta kwenye orodha."

Nesi akafungua mdomo. Mganga akakohoa kidogo, akaangalia barazani kwa mtoto. Mdomo ukajifumba wenyewe.

Mkaguzi alipopelekwa ofisini kunywa chai, dereva wa pikapu akachungulia dirishani. "Nesi, fanya chapuchapu tupakie, mchana mkaguzi anakwenda kituo kingine."

"Mnanipeleka wapi?" mzazi akauliza kwa sauti ndogo.

"Si wewe, mpenzi. Ni kitanda."

Akatandika mkeka sakafuni, akamshusha polepole, akamlaza mtoto kifuani pake. Kisha akachukua kitambaa akafuta damu kwenye godoro jekundu, akasugua hata ndani ya ule mchaniko, akasaidiana na dereva kukitoa nje, akamshikia kamba.