Barke na Mchekamvua

Barke binti Hamidi alizaliwa kisiwani Koyama, saa ile ile mama yake alipokuwa akipanga matumbawe kwenye tanuri la chokaa. Alipolia kilio cha kwanza, tanuri likashika moto lenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na nikaona kwa macho yangu, kwa hiyo asiniulize mtu.

Akakulia motoni. Wenzake walifundishwa kusuka mikeka, yeye akafundishwa kupanga kuni: magogo ya mkoko yalazwe duara, tundu liachwe katikati la kutilia makaa, na matumbawe yaje juu. Alipoolewa aliingia nyumbani kwa mume na masizi puani. Mume akamzoea, Barke akamzalia watoto, kisha mume akatangulia kwa Mola wake. Tanuri halikumwacha. Mama yake alipokufa hakuna aliyeuliza nani atashika kazi. Wote walikwenda kwa Barke. Ukipita Koyama ukaona ukuta mweupe mpaka jicho linatoka machozi, huo ni wake.

Sasa, Koyama hapachomwi chokaa bila mchekamvua. Ni kichaka, hakimfikii mtu kifuani, kinaota kwenye msitu wa mchanga nyuma ya kijiji na hakioti penginepo. Mvua ya kwanza ikidondoka kinachanua maua meupe kama maziwa ya ngamia. Wazee wetu wakaona ua jeupe, wakasema basi chokaa nayo itatoka nyeupe. Kwa hiyo kila mwaka, baada ya mvua ya kwanza na kabla ya ile kubwa, tulikata matawi yenye maua tukayalaza juu ya kuni. Zamani, nasikia, mbuzi akiingia kwenye mchekamvua alitoka upande wa pili na wajukuu. Siku za habari hii kilikuwa kimebaki kijisitu kimoja, nakizunguka na tambuu yangu haijakolea mdomoni.

Enzi hizo serikali ya Muqdisho ina nguvu zake bado. Akaja binti wa Kismayo, Shamsa, aliyesomea mimea chuo kikuu. Mwaka uliotangulia alichukua tawi. Mwaka huu akarudi na kwenda moja kwa moja kwa Barke.

"Mama Barke, tumeutafuta mti huu kila mahali, tumepeleka tawi hadi ng'ambo. Hakuna aliyewahi kuuandika. Wataalamu hawana jina lake."

"Sisi tunalo. Mchekamvua."

"Hilo litabaki lenu. Lakini ili uandikwe ukajulikane nataka na matunda. Maua ninayo. Matunda yake yakoje?"

Barke akatikisa kichwa. "Mwanangu, sijayaona."

"Hata mara moja?"

"Tunaukata ukiwa na maua."

Nami nilikuwepo, nikatema tambuu. Uzee wote huu, hakuna mtu Koyama aliyewahi kuona tunda la mchekamvua, na kisha tunashangaa mbona hauzai miche.

Na mwaka huo huo ilikuwa zamu ya msikiti kupakwa upya. Msimamizi alikuwa Nasrudin, fundi wa mashua, ndugu wa marehemu mumewe Barke. Kesho yake akaja tanurini na panga.

"Shemeji, maua yametoka. Twende tukakate."

"Mwaka huu hapakatwi."

"Msikiti tuupake nini, uji?"

"Chokaa. Bila mchekamvua."

"Itatoka ya kijivu kama visigino vyako."

"Visigino vyangu umeanza lini kuvitazama, shemeji? Kaka yako anakusikia huko aliko."

Wanawake wa tanurini tukacheka mpaka mwenzetu Mwanatumu akakaa chini. Nasrudin akakasirika kweli.

"Haya. Ikitoka ya kijivu, nakata kichaka chote mpaka mizizi, na wewe tanuri hulisogelei tena maisha yako."

Barke hakuwa na kazi nyingine wala hakutaka nyingine.

"Na ikitoka nyeupe," akasema, "utakizungushia kichaka uzio kwa mikono yako, mbuzi asipite wala panga lisipite."

"Nimekubali."

Barke akaniambia pembeni kwamba hana hakika hata kidogo. Akakaa akilitazama rundo la matumbawe, tope na mwani vimeyaganda, kama tulivyoyatupa motoni siku zote. Kisha akatuita na visu. Tukayakwangua jiwe kwa jiwe, tukayaosha kwa maji ya kisima, tukayaanika juani.

"Hata wanangu sijawaogesha hivi," Mwanatumu akanung'unika.

"Ndiyo maana wana rangi ile," Barke akamjibu.

Asubuhi tulivu akatia makaa. Ngoma zikalia, tukaimba, tukamtaja Nasrudin katika nyimbo kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wajukuu. Moto ulikuwa mkali hivi kwamba kuku wa kisiwa cha Chovai walitaga mayai yaliyochemka. Moshi wa mwisho ulipotoka, rundo likadidimia, likapoa.

Ijumaa kijiji kizima kikaja kutazama. Juu ya majivu mawe yalikuwa ya kijivu. Yote. Nasrudin alikuwa na kanzu yake ya sala mwilini na panga mkononi. Akageuka, akaanza kwenda msituni.

"Shemeji, ngoja," Barke akasema. "Bado hayajanywa maji."

Akalitoa jiwe moja, akalifuta majivu kwa upande wa leso yake, akalinyunyizia maji. Kimya. Akanyunyizia tena. Jiwe likafoka kama paka, likapasuka, na unga ukamwagika. Unga mweupe, jamani. Nyoyange, ndege weupe wa kisiwa cha Ngumi, waliruka wakidhani ni mwenzao kaanguka. Nasrudin akainama, akasogeza mkono wa kanzu yake apime, na kanzu ile ikaonekana kana kwamba imefuliwa kwa chai. Vigelegele tulivyopiga vilifika Kismayo kabla ya habari yenyewe.

Mtu wa ahadi, Nasrudin. Akajenga uzio, ila hajui kujenga kitu kingine isipokuwa mashua. Akasimamisha mataruma, zile mbavu za mashua, akapigilia mbao, akaziba kila ufa kwa pamba na mafuta ya papa, tone la maji lisipite. Alipomaliza msumari wa mwisho alikuwa ndani, na mlango hakuuweka.

"Shemeji," Barke akamwita kwa nje, "ukielea utuambie." Ikabidi atoboe mlango ndipo atoke.

Mvua kubwa ikanyesha na maua yakadondoka yenyewe, kwa mara ya kwanza tujuavyo sisi. Yakaja matunda madogo, mekundu, mawili mawili kwenye kikonyo kimoja. Shamsa alipoyaona alikaa mchangani akalia, na Barke akamfuta machozi kwa kidole chenye chokaa, wakalia wote wawili kwa kuwashwa. Shamsa akachukua machache, mengine tukayaacha yaanguke na ndege wayale.

Habari ilirudi kwa mashua: mchekamvua umeandikwa, tena umewekwa kati ya miti inayokaribia kutoweka duniani, na neno la pili la jina lake la kitaalamu ni la Koyama yetu. Barke akataka aambiwe jina hilo mara ya pili, kisha akarudi tanurini kuosha matumbawe.

Mwaka uliofuata, mvua ya kwanza ilipopita, miche ilitokeza nje ya uzio, mchangani, mingi hata hupati pa kukanyaga. Barke akamtazama shemeji yake, na Nasrudin akaenda kutafuta mbao.