Kurunzi ya Kusogelea

Usiku ule nililala nimenuna. Mjukuu wangu Tusa, anayesomea udaktari wa macho, aliniletea picha za vifaa viwili vya kuchungulia ndani ya jicho, maana chuoni kila mwanafunzi anatakiwa awe na chake. Mnunuzi ni mimi. Nimeanza na kubeba magogo nikaishia kumiliki kiwanda cha mbao, na darasa la nne sikulimaliza. Nikasema: kikubwa. Kina mdomo wa mpira, daktari anasimama mbali na pumzi za watu. Kile kidogo ni kurunzi tu, mpaka ukaribie kugusana mashavu na mgonjwa!

"Babu, mimi nataka kidogo."

"Nyamaza, mke wangu. Mimi nachagua zana tangu mama yako hajazaliwa."

Akacheka, lakini si kwa moyo. Asubuhi ndiyo tuende dukani.

Basi nikajikuta kiwandani. Marehemu mke wangu amekaa juu ya ubao mbichi, kitenge chake kimejaa vumbi la mbao, macho yake yako wazi na hayaoni, kama alivyokufa nayo. Nataka kumpangusa vumbi. Ule ubao sasa ni benchi la hospitali. Daktari yuko mlangoni, anammulika tochi kutoka huko huko. "Ni uzee, mama." Mlango unafungwa, na ni mlango wa nyumbani kwetu. Wageni wamesimama nje wanampigia kelele za salamu, utadhani na masikio yamekufa.

Tusa anaingia, koti jeupe linamzidi. Anainua kile kikubwa. Mke wangu anapapasa hewani, anatafuta uso, hapati.

"Nani huyo? Mbona yuko mbali?"

Tusa anakiweka chini. Anachukua kidogo, anainama, shavu kwa shavu. Mke wangu anamshika kisogo.

"Kumbe ni wewe, mke mwenzangu. Unanuka vitunguu."

Akacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau.

"Unaona nini humo?" nikauliza.

"Presha ya macho, Babu. Ndiyo kwanza inaanza. Dawa itaizuia asipofuke."

Nikaruka kwa furaha, nikawa natafuta viatu nikimbilie dawa. Viatu sivioni. Mke wangu akanigeuzia uso.

"Acha, Baba Lwitiko. Mimi wakati wangu hakuna aliyesogea. Mnunulie kitakachomlazimisha kusogea."

Niliamka shavu moja limelowa. Kulikuwa kunapambazuka, na jikoni Tusa alikuwa anakaanga vitunguu. Nikasimama mlangoni.

"Tutachukua kile kidogo," nikasema.

Akageuka na mwiko mkononi. "He! Leo Babu kashindwa? Na nani?"

"Na mke mwenzio. Amesema usogee."