Mama ya Kijana Ni Mimi, Hata Mgongo Ukiwa Mtupu

Admin, jina langu ficha, lakini maneno yangu usipunguze. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, tunakaa huku Naro Moru, tunalima viazi na karoti. Niko na watoto wanne na mzee mmoja ambaye siku hizi tunaongea kwa shida. Kama kuna watoto wanasoma hii page waende wakacheze kwanza, kwa sababu leo nitaongea mambo ya chini bila kuzunguka.

Baada ya kuzaa kitinda mimba wangu, kitu kilianza kushuka huko chini. Mwanzo ilikuwa tu uzito nikitoka shamba jioni. Halafu ikawa naigusa na mkono, laini kama yai bila ganda. Nikienda kukojoa, mkojo unakataa kuisha mpaka nirudishe hiyo nyama ndani na kidole. Nimeishi hivyo miaka mingi, na gunia nikabeba, na maji nikabeba, na kuni, zote kwa mgongo, kamba ikinikata paji la uso. Mama yangu alibeba, nyanya yangu alibeba, sasa mimi ni nani nilie?

Msichana wangu ndiye alinipeleka hospitali Nyeri mjini, karibu anivute na nguvu. Daktari alikuwa mama wa makamo. Akanipima, akaniambia ukuta wa mbele umelegea na kibofu cha mkojo kimeshuka nao, lakini inashonwa. Tena alinieleza wazi, sitamsingizia: "Mama, hiki kibofu kikishuka kinakunja mrija wa mkojo, ndio maana mkojo hauishi. Tukikirudisha, mrija unanyooka. Kuna wengine ukinyooka hivyo, mkojo unaanza kuponyoka wakikohoa ama wakicheka. Si wote, lakini nataka ujue." Mimi nilisikia "inashonwa" nikafunga masikio hapo hapo.

Nilishonwa nikapona. Siku ya kwanza kukojoa kama mtu, bila kidole, mpaka ikaisha yenyewe, nililia ndani ya choo kwa furaha. Sijutii hata kidogo. Lakini nikaanza kuona nikikohoa, tone. Nikicheka, matone. Jumapili moja tumesimama na akina mama wenzangu wa kanisa tukiimba, chafya ikanishika, sketi yangu ya uniform ikalowa nyuma. Aliyekuwa nyuma yangu ni dada ya mzee wangu, yule watoto wanamwita tata. Unafikiri alinifunika na leso? Wapi! Alisonga kando watu waone vizuri, na kabla wiki iishe nilikuwa nimeongelewa mpaka Kiganjo. "Ati alienda kutengenezwa, akarudi akivuja."

Nilirudi kliniki. Daktari hakushangaa. Akanifundisha kukaza misuli ya chini kama mtu anazuia mkojo, kaza, achilia, kaza, achilia, akasema nijipe miezi, na ikikataa kuna njia ingine ya kusaidia huo mrija. Nafanya nikipalilia, nafanya nikipika, hata saa hii nikiwaandikia nafanya. Imepungua sana. Lakini kuna kitu moja alinikataza kabisa: mzigo mzito nisibebe tena, ile kitu wameshona isije ikashuka upya.

Sasa shida yenyewe. Kijana yangu wa kwanza amepata msichana wa Sagana, na mwezi ujao tunaenda ruracio, kupeleka mahari. Wa huku mnajua. Wengine wacha niwaeleze: tukifika kwa lango, mama ya kijana ndiye anatangulia na kiondo, kile kikapu cha kusuka, kwa mgongo, kimejaa unga na sukari na ndizi, na mama ya msichana ndiye anamtua. Kiondo chepesi ni matusi. Akikishika tu anajua umempima binti yake namna gani.

Juzi tata akakuja kwangu, akakaa, akamwambia ndugu yake mimi nikiwa hapo hapo: "Kiondo nitabeba mimi. Nitasimama kama mama. Huyu abaki achunge ng'ombe, hatuwezi peleka mtu ananuka mkojo kwa wenyewe." Mzee wangu akaangalia chai yake. Nikamuuliza, "Baba watoto, umesikia?" Akasema, "Ni siku moja tu, usifanye iwe vita." Siku moja! Huyo mtoto ataoa mara ngapi?

Niliwaka. Nikamwambia dada yake, "Huyo kijana alipita hapa kwangu, si kwako. Hii kitu ilishuka nikizaa watoto wenu na nikibeba viazi vyenu, na hapo hakuna mtu aliona haya. Ng'ombe utachunga wewe." Akaondoka bila kumaliza chai. Mzee mpaka leo ananijibu na "mm."

Nikampigia kijana mwenyewe. Akasema, "Mami, mimi nataka wewe. Lakini naogopa tata atazua fujo huko kwa watu." Hiyo ndiyo iliniumiza, kwamba mtoto wangu anaenda kuoa akiwa na hofu.

Kwa hivyo sikizeni swali yangu vizuri. Nitatangulia na mgongo mtupu, pedi yangu nimevaa, na wasichana wangu watabeba viondo nyuma yangu. Lakini mama ya msichana hatujuani. Nikisimama mbele yake bila mzigo, ataona nimemdharau. Nikimpigia simu kabla, pengine atanielewa, yeye pia amezaa. Ama pengine Sagana yote itajua kabla tufike, na kijana yangu achekwe na mashemeji. Nyinyi mlioshonwa kama mimi, na nyinyi ambao bado mnarudisha na kidole mkinyamaza, nipeni akili: nimwambie mapema sisi wawili, ama niseme hapo kwa lango watu wote wakisikia, tata akiwa mstari wa mbele?

Kama nitaenda ama nitabaki, hiyo sijauliza mtu.